Suruali Thelathini na Moja za Mama Futi

Mkuu wa chuo alirudi kutoka semina ya siku tano akiwa na stendi ya simu yenye miguu mitatu na uso wa mtu aliyefunuliwa jambo usingizini. Asubuhi ile ile aliwaita walimu wote kwenye chumba chao, akaisimamisha stendi mezani katikati ya vikombe vya chai, akatangaza kwamba kuanzia muhula huo chuo kizima kitafundisha kwa mtindo wa darasa geuzi.

"Geuzi kivipi?" akauliza mwalimu wa useremala.

"Mambo yanageuzwa. Zamani mwanafunzi alifundishwa darasani, akaenda kufanya mazoezi nyumbani. Sasa somo analiangalia nyumbani kwenye video, halafu anakuja darasani kufanya kazi. Mwalimu akiingia darasani hahutubii tena."

"Anafanya nini sasa?"

"Anasaidia."

Kwenye kiti cha dirishani, mwanamke mmoja mwenye futi kamba shingoni aliweka kikombe chake chini polepole.

"Mkuu," akasema, "kwani miaka yote hii ishirini na sita mimi nilikuwa nafanya nini mle darasani? Nilikuwa nawazuia watu wasishone?"

Walimu wakaangua kicheko. Mkuu naye akacheka, maana alidhani ni utani. Aliyesema hakucheka hata kidogo.

Huyo ndiye Mama Futi. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake wa mwanzo kabisa, na likamganda hata wenzake wakalisahau la kuzaliwa. Alifundisha ushonaji. Ile futi kamba alikuwa akiivaa asubuhi kabla ya viatu, na kuna siku alikwenda nayo msibani bila kujua, mpaka mumewe akamnong'oneza aivue.

Karakana yake ilikuwa na vyerehani kumi na sita, pasi mbili, na meza moja ndefu ya kukatia vitambaa. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja. Akitaka kuwaonyesha kitu, tuseme namna ya kutia zipu kwenye suruali, aliwaita wote wamzunguke pale mezani. Wa mbele waliona mikono yake. Wa katikati waliona kisogo chake. Wa nyuma waliona migongo ya wenzao, wakawa wanatikisa vichwa tu kama watu walioelewa.

"Nani hajaona?" angeuliza.

Kimya.

"Hakuna? Haya, kwenye mashine!"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mara huyu anaita, mara yule anaita, na wote wanauliza jambo lile lile alilotoka kulieleza. Somo la zipu peke yake alilirudia mara nne au tano kwa kila darasa, na siku hiyo alirudi nyumbani sauti imekauka, akawa anamjibu mumewe kwa mkono. Kwa hiyo Mkuu alipoeleza kwamba video moja inaweza kurudiwa na mwanafunzi mara mia bila mwalimu kufungua kinywa, Mama Futi alinung'unika sawasawa na wenzake, lakini ile stendi aliiomba yeye wa kwanza. Alisema moyoni, hebu niirekodi zipu hii mara moja, niachane nayo maisha.

Jumamosi ile akaamua kurekodi nyumbani, kwa kuwa chuoni karakana yake imepakana na ya useremala, na msumeno hauna adabu. Alipanga kila kitu kwenye meza ya kulia chakula: vipande viwili vya mbele vya suruali, zipu, chaki, mkasi, pini. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, akapewa kazi ya kushika simu.

Dakika kumi baadaye wakaangalia walichopata.

"Mzee, mbona hii ni sura yangu mwanzo hadi mwisho?"

"Si umesema nikurekodi?"

"Mikono! Urekodi mikono! Mimi siyo somo, somo ni mikono."

"Mikono nimeipitia pale katikati. Lakini sura imetoka vizuri, hebu angalia mwanga ulivyokaa hapa shavuni..."

"Watakuja kutia zipu shavuni?"

Wakaanza upya. Safari hii mzee alirekodi mikono, ila alikuwa na tabia ya kupumua kwa nguvu, na kwenye video pumzi zake zilisikika kama pampu ya baiskeli. Mara ya tatu akapiga chafya. Mara ya nne Mama Futi mwenyewe alikuwa amefika mahali pagumu, pale mfuniko wa zipu, kile kitambaa kinachoificha, unapokunjwa, jirani akaja kuuliza kama wana ngazi. Mara ya tano yote yalikwenda vizuri, isipokuwa mzee alikuwa hajabonyeza.

"Hukubonyeza?"

"Nilibonyeza. Nadhani nilibonyeza mara mbili."

Mama Futi alivuta pumzi, akamwomba kwa upole wa kutisha aende akatembee. Mzee akachukua kofia yake bila kubisha. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu miaka thelathini na nne, alizijua dalili.

Alipobaki peke yake akafunga simu kwenye stendi, upande wa pili wa meza, ikimwelekea. Akaona kwamba akitumia kamera ya mbele, ile ya upande wa kioo, anaweza kuiona mikono yake mwenyewe kwenye simu wakati anafanya kazi, akajua kama imo ndani ya picha au imetoka. Akili yake mwenyewe hiyo, hakufundishwa na mtu, na alijisikia fahari kidogo. Akashona kwa utulivu, akizungumza kama alivyozoea: "Kipande hiki mnakilaza huku. Mfuniko unakuja upande huu, mnaona? Halafu unageuza hivi, unashika hapa, mshono unashuka mpaka hapa, unapinda kidogo kama ndoana." Dakika saba na nusu. Hakukosea hata mahali pamoja.

Chuo kilikuwa na programu ya kuwekea video hizo. Programu ile ilikuwa na mambo yake: video ikifika mahali unapotaka, inasimama yenyewe, inamuuliza mwanafunzi swali, na bila kujibu haiendelei. Halafu mwalimu analetewa orodha ya nani ameangalia, ameangalia kiasi gani, amepata nini akakosa nini. Mama Futi alitumia Jumapili nzima kutia maswali matatu. La kwanza, upana wa mfuniko. La pili, mfuniko wa zipu ya suruali ya kiume unakaa upande gani wa mvaaji, kushoto au kulia. La tatu, mshono wa ndoana unaanzia juu au chini. Akayaandika majibu sahihi, akaipandisha video, akawatumia wanafunzi ujumbe: ambaye hajaangalia asiguse mashine.

Juma lile kazi haikuwa ya mazoezi. Shule ya msingi ya jirani ilikuwa imekiomba chuo kishone suruali za sare za wavulana wake, na Mama Futi alikuwa amekata vitambaa vyote kwa mkono wake mwenyewe, suruali thelathini na moja, kila mwanafunzi moja. Jumatatu wangeanza na zipu.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafika kwenye mlango wa karakana, katibu wa Mkuu akamkimbilia. Kuna kikao.

"Kikao gani tena?"

"Cha tathmini ya darasa geuzi, Mwalimu. Wote mnatakiwa."

"Nina watu wa kusaidia kule! Si ndiyo kazi yangu mpya?"

"Mkuu amesema wameshaangalia video. Waanze wenyewe."

Kikao kilianza saa mbili, kikaisha saa sita kasoro. Kwa muda wote huo walizungumzia namna ya kuwapa wanafunzi muda zaidi na mwalimu.

Katikati ya kikao kila mwalimu aligawiwa karatasi yenye majibu ya wanafunzi wake. Mama Futi aliivaa miwani, akaanza kusoma. Walioangalia video: thelathini na mmoja kati ya thelathini na mmoja. Akatabasamu, jambo ambalo mwalimu wa useremala aliliona akamwambia jirani yake. Swali la kwanza, karibu wote wamepata. Swali la tatu, karibu wote wamepata. Swali la pili, lile la kushoto au kulia, wamekosa wote. Wote! Thelathini na mmoja, bila hata mmoja wa kubahatisha.

Tabasamu likafutika. Alihesabu tena kwa kidole. Wangejibu kwa kubahatisha, alijiambia, nusu wangepata. Hawa kukosa wote maana yake ni moja tu: mmoja ameangalia, akakosa, akawapelekea wengine majibu kwenye kundi lao la simu. Na yeye alipoteza Jumamosi nzima, akamfukuza mumewe ndani ya nyumba, akakaa Jumapili akibishana na programu, ili watu wapelekeane majibu! Damu ikamchemka. Kilichobaki cha kikao hakukisikia. Alikuwa anapanga maneno.

Alipoingia karakana, vyerehani vilikuwa vinaunguruma na watu wana raha zao. Suruali zilizokwisha kutiwa zipu zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu kwa unadhifu.

"Simamisheni mashine," akasema.

Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Nimewaambia muangalie somo. Sikuwaambia mgawane majibu. Nani ameanza? Ajitokeze mwenyewe, maana nikimtafuta mimi..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yameangukia mezani. Akachukua suruali ya juu, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza. Akaiweka. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Mshono ulikuwa umenyooka, ndoana imepinda vizuri, zipu inapanda na kushuka bila kukwama. Kazi safi, safi kuliko alivyowahi kuona kwa darasa la mwaka wa kwanza. Na kila mfuniko ulikuwa upande wa kulia, upande wa suruali za kike.

"Nani amewafundisha hivi?" Sauti ilimtoka nyembamba.

Wakatazamana. Aliyejibu alikuwa kijana mrefu waliyemwita Kiranja, kwa sababu alikuwa hana cheo chochote ila alipenda kuwasemea wengine.

"Wewe, Mwalimu."

"Mimi?"

"Kwenye video."

"Mimi nimefundisha watu zipu kabla wewe hujazaliwa. Mfuniko unakaa kushoto. Kushoto! Hata nikiwa na homa siwezi kusema kulia."

"Hukusema kulia," Kiranja akakubali. "Hukusema na kushoto. Ulisema huku."

Kicheko kidogo kikaponyoka mahali fulani nyuma, kikazimwa haraka. Kiranja akatoa simu yake, akaifungua video, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama Futi akaangalia. Ile mikono ilikuwa yake, kovu la pasi lilikuwa lake, sauti ilikuwa yake, ikisema kwa uhakika wote, mfuniko unakuja upande huu, mnaona? Na kweli, mfuniko ulikuwa unakwenda upande usio wake. Mkasi aliushika kwa mkono wa kushoto. Katika maisha yake hajawahi kushika mkasi kwa mkono wa kushoto.

"Ulitumia kamera ya mbele, Mwalimu?" akauliza binti mmoja wa safu ya pili. "Kwenye simu nyingine kamera ile huwa inageuza picha. Inakuwa kama unajiangalia kwenye kioo."

"Hata futi kamba," akaongeza mwingine, "namba zilikuwa zimekaa kinyume. Tukadhani ni futi ya nje."

Mama Futi alivuta kiti akakaa. Aliangalia meza, akaangalia simu, akaangalia ile karatasi ya majibu aliyokuwa ameikunjakunja mkononi.

"Lakini programu iliwaambia mmekosa," akasema. "Swali la pili. Mlipojibu kulia, ilisema si kweli. Hamkushtuka?"

"Tulishtuka. Tulibishana sana kwenye kundi," akasema Kiranja. "Tukakubaliana kwamba programu ndiyo mbovu. Tulisema Mama Futi kwenye zipu hawezi kukosea."

Aliyesikia maneno hayo angedhani ni sifa. Yeye yalimchoma kuliko tusi. Asubuhi nzima amekaa na karatasi iliyokuwa ikimwambia peupe kwamba kuna kitu kimeharibika, naye akaisoma kama hati ya mashtaka ya watoto wa watu. Na wao, walipoambiwa na mashine kwamba mwalimu wao amekosea, wamekataa. Alitafuta mtu wa kumkasirikia. Mkuu alifaa. Mwenye kutengeneza simu alifaa. Mumewe pia, kwa kutokujua kubonyeza. Lakini kila akigeuza alijikuta ni yeye.

"Na hakuna hata mmoja," akasema, "hakuna hata mmoja aliyeona kitu?"

Kwenye mashine ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa stoo, mkono ukanyanyuka nusu. Alikuwa Mama Pacha, mwanafunzi mtu mzima kuliko wote, mama wa watoto wanne, wawili wa mwisho pacha. Mwaka mzima hakuwa ameuliza swali.

"Mimi niliona pete, Mwalimu."

"Pete gani?"

"Yako ya ndoa. Niliona imehamia mkono mwingine."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama Pacha akainamisha uso. "Nilijua labda kuna mambo nyumbani. Nikasema, hayo si ya kuingilia."

Darasa likalipuka. Watu walicheka mpaka wakaegemea vyerehani, Kiranja akakaa chini sakafuni. Mama Futi alijitahidi kukunja uso, ukakataa, akafunika mdomo kwa karatasi ya majibu.

"Haya," akasema walipotulia, akifuta macho. "Nyumbani hakuna mambo. Mambo yako hapa mezani. Nimewapoteza mimi, na dhambi yangu mtaibeba wote. Chukueni nyembe. Tunafumua."

Wakafumua mchana kutwa. Kufumua ni kazi ya kuudhi kuliko kushona, kila uzi unautafuta, unaukata, unauvuta, na ukikosea unatoboa kitambaa cha watu. Kwa kuwa hakukuwa na cha kueleza pale mbele, Mama Futi alijikuta anazunguka. Akavuta kigoda chake kutoka mashine hadi mashine, akakaa na kila mmoja dakika chache. Kila alipokaa aliona kitu cha kumtia wazimu. Huyu alikuwa anakanyaga mashine kwa ncha ya kidole gumba kama anajaribu maji ya moto. Huyu alikuwa hajui kwamba uzi wa chini unaweza kukazwa, mwaka mzima anashona mishono iliyolegea na kudhani mashine inamchukia. Kiranja, mwenye kuwasemea wote, alikuwa hajawahi kutunga uzi sindanoni mwenyewe. Alikuwa na mtu wa kumtungia.

"Mwaka mzima?" akamuuliza.

"Ulikuwa huji huku nyuma, Mwalimu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alikuwa wapi? Alikuwa pale mezani, anarudia zipu.

Mwisho akafika kwa Mama Pacha. Kwenye ripoti ya muhula uliopita alikuwa amemwandikia maneno mawili: hajitumi vizuri. Akakaa kando yake, akamtazama anavyofumua. Mama Pacha hakuwa anautazama uzi. Alikuwa anaupapasa kwa kucha, akiupata anaukata. Macho alikuwa ameyaelekeza kwenye ukuta.

"Mbona huangalii unachokata?"

"Nikiangalia naona ukungu, Mwalimu. Vitu vya karibu siku hizi vinapotea. Kwa vidole napata."

"Na pale mezani, nikiwa naonyesha?"

"Pale nasimama nyuma. Naona migongo." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Hii ya video ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona zipu inavyokunjwa. Unaweka vidole viwili kwenye kioo cha simu, unavitanua, kitu kinakuwa kikubwa. Nimeiangalia mara ishirini na mbili."

Mama Futi aliichukua ile suruali, akaikagua tena. Ilikuwa imeshonwa upande mbaya kama za wenzake. Lakini upana wa mfuniko ulikuwa sawasawa, na mshono ulikuwa umeshuka bila kuyumba, kazi ya mtu aliyeambiwa jambo moja mara ishirini na mbili na mwalimu asiyechoka wala kufoka.

"Kesho huji darasani," akamwambia.

Mama Pacha akashtuka. "Nimekosa nini?"

"Unakwenda zahanati, kitengo cha macho. Nakuandikia barua sasa hivi. Mwanamke mzima unashona kwa kubahatisha! Ungejitoboa kidole ungesema nini?" Alikuwa anafoka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kila mtu mle ndani alielewa kwamba hamfokei Mama Pacha.

Wakati huo mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mkuu wa chuo na wageni wawili wenye mashati meupe, waliokuja kuona darasa geuzi linavyofanya kazi. Walikuta nyuzi sakafuni kama nywele kwenye saluni ya kunyolea, suruali zimefumuliwa matumbo wazi, watu wameinama na nyembe mikononi, na mbele ya darasa hakuna mtu.

"Mwalimu yuko wapi?" Mkuu akauliza.

"Huku," sauti ikatoka karibu na stoo. Mama Futi hakuinuka. Alikuwa anaandika barua juu ya goti.

"Mwalimu, mbona hakuna anayefundisha?"

"Si ulisema nisifundishe?"

Mgeni mmoja alipenda jibu hilo, akaliandika kwenye daftari lake. Mkuu alicheka kwa meno ya mbele tu. Alipotaka kueleza wageni kwamba nyuzi zile ni sehemu ya mbinu, Mama Futi akamkatiza akawaambia ukweli wote, kamera, kioo, kushoto na kulia, karatasi ya majibu na yeye alivyoisoma. Hakuacha kitu ila pete.

"Kwa hiyo video hazifai?" akauliza mgeni wa pili.

"Video inafaa. Mimi ndiye sikuitazama kama mwanafunzi. Na hilo swali la kusimamisha linafaa kuliko vyote, ila likikwambia watu wote wamekosa, anza kujishuku mwenyewe." Akakunja barua. "Na mtu asinipeleke kikaoni siku ya kazi. Hilo liandikeni pia."

Jumamosi iliyofuata alirekodi upya. Mara hii simu ilikuwa juu ya bega lake, kamera ya nyuma, inaangalia kazi kama macho yake yanavyoiangalia. Stendi haikuweza kufika huko, kwa hiyo mzee akapandishwa kwenye kigoda, akaamriwa apumue polepole. Aliishika simu mpaka mikono ikamtetemeka, akalalamika kwamba amewahi kuendesha lori siku tatu mfululizo bila kuchoka namna ile. Wakarudia mara nane. Kila alipotaka kusema "huku" alijiuma ulimi, akasema "kushoto kwa mvaaji". Neno hilo lilimtoka kwa shida kama anaongea lugha ya kigeni. Walipomaliza aliiangalia video yote kwenye simu ya mumewe, akiwa na vipande vya kitambaa mkononi, akakifuata kila alichosema yeye mwenyewe kana kwamba hajawahi kushona. Akagundua mahali pawili alipokwenda haraka mno. Wakarudia.

"Mke wangu, hawa watoto wako wanajua tunavyoteseka?"

"Hawajui, na usije ukawaambia. Shika vizuri."

Suruali za shule ya jirani zilichelewa siku nane. Mwalimu mkuu wa shule alikuja kulalamika mwenyewe, Mama Futi akamsikiliza akiwa amesimama, hakujitetea. Zilipofika zilikuwa na vitundu vidogo vya sindano upande wa kulia, ambavyo ni mtu wa kazi tu angeviona, na baada ya kufuliwa mara moja havikuonekana tena.

Mkuu alitaka video arobaini kabla ya mwisho wa mwaka. Alipata tisa. Zipu, kola, mfuko wa ndani, tundu la kifungo, na nyingine tano za mambo ambayo Mama Futi alikuwa amechoka kuyarudia. Nyingine alikataa katakata. Kupima mwili wa mtu, alisema, hakufundishwi kwa simu. Mtu anapimwa akiwa hai mbele yako, anajikunja, anaona haya, anavuta tumbo. Mkuu akaandika kwenye taarifa yake kwamba mwalimu huyo yuko katika hatua za mwanzo.

Uchovu haukuisha, ulibadilisha mahali tu. Zamani alirudi nyumbani bila sauti. Sasa alirudi na mgongo unauma kwa kuwainamia wanafunzi thelathini na mmoja, na hasira mpya, kwa sababu makosa aliyokuwa hayaoni sasa anayaona yote. Kila Jumatatu alisoma ile orodha ya majibu kabla ya chai. Kila Jumatatu kulikuwa na watu wawili watatu walioiacha video ikicheza wakaenda kuoga. Hao aliwajua kwa majina, akaenda kukaa nao wa kwanza.

Mama Pacha alipata miwani baada ya mwezi na nusu, yenye fremu nyekundu, aliyochaguliwa na wanawe. Siku ya kwanza aliingia nayo akakaa kwenye mashine yake, akageuzageuza kitambaa mbele ya uso kwa muda mrefu bila kushona chochote. Kisha akainuka, akaenda pale mezani ambapo Mama Futi alikuwa ameacha sketi ya mfano aliyoishona asubuhi ili wengine waifuate. Akaiinua. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Mwalimu."

"Nini?"

"Hapa kiunoni. Mshono wako umepinda."

Mama Futi akaja, akavaa miwani yake, akapitisha kidole kwenye ule mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akarudisha kidole mwanzo akapitisha tena, kwa taratibu zaidi.

"Nenda kakae," akasema. "Una kola ya kumaliza."

Mama Pacha akarudi kwenye mashine yake. Mama Futi aliangalia kulia na kushoto, akafungua droo, akatoa wembe.